Mamlaka ya pamoja katika hifadhi za taifa za Marekani

Kumiliki ardhi ni jambo moja. Kuwa na haki ya kumshtaki mtu aliyefanya kosa juu yake ni jingine. Hifadhi ya taifa nchini Marekani ni mali ya serikali ya shirikisho, lakini imo ndani ya jimbo lenye bunge, polisi na mahakama zake. Mamlaka ya pamoja maana yake ni kwamba sheria za jinai za pande zote mbili zinatumika hapo. Gari likivunjwa kwenye maegesho, askari wa hifadhi anaweza kumkamata mwizi, na sherifu wa kaunti, askari wa upande wa jimbo, vilevile.

Mamlaka hayo hayaji yenyewe. Bunge la jimbo hutunga sheria ya kuyatoa, kisha serikali ya shirikisho humpelekea gavana taarifa ya kuyapokea. Kwa ardhi iliyochukuliwa tangu Februari 1940, pasipo taarifa huhesabiwa kwamba hakuna kilichopokelewa. Si urasimu mtupu: mwaka 1943, katika kesi ya Adams, Mahakama ya Juu ilisema mahakama ya shirikisho haikuwa na uwezo wa kuwahukumu wanajeshi watatu walioshtakiwa kwa ubakaji katika kambi ya jeshi ya Camp Claiborne, Louisiana. Ardhi ilikuwa ya serikali, taarifa haikupelekwa.

Pasipo mamlaka yoyote yaliyopokelewa, shirikisho hubaki kama mwenye shamba. Askari wake husimamia kanuni za hifadhi, kama za moto na kambi, ambazo kifungo chake hakizidi miezi 6, huku mauaji ya kawaida yakienda mahakama ya jimbo.

Upande wa pili ni mamlaka ya shirikisho peke yake, kama Yellowstone. Hifadhi yote imewekwa chini ya mahakama ya shirikisho ya Wyoming, ingawa vipande vyake vimo Montana na Idaho. Katiba inataka jopo la raia wanaoamua kesi litoke katika jimbo na wilaya ya kimahakama ya kosa, na kipande cha Idaho hakina wakazi, hivyo kosa la huko halina wa kuunda jopo. Profesa wa sheria Brian Kalt alilionyesha pengo hilo mwaka 2005. Mamlaka yangekuwa ya pamoja, Idaho ingeshtaki kwa sheria zake.

Ya pamoja nayo yana makali: kwa uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Gamble ya 2019, tendo moja linaweza kushtakiwa mara mbili, jimboni na shirikishoni. Ndiyo maana pande hizo huandikiana makubaliano ya nani aitikie simu, nani apeleleze, na mahabusu alale kwa nani.