"Mangi, koti ninalo": dhana potofu za mavazi ya kupandia Kilimanjaro

"Mangi, koti ninalo. Nipe fimbo tu na tochi ya kichwani."

Sentensi hii nimeisikia Jumanne, nikaisikia tena Alhamisi, na Jumamosi wakaja vijana 12 kutoka Dar es Salaam wakaniimbia wote kama kwaya. Nakodisha vifaa vya mlima hapa Moshi. Kabla ya hapo nilibeba mizigo, kisha nikaongoza wageni, mpaka goti likasema basi. Koti unalo, sikatai. Swali langu ni moja: ndani ya hilo koti umevaa nini? Hapo mtu ananitazama kama nimemuuliza rangi ya chupi yake.

"Koti zito ndilo linaloleta joto, ndani vaa chochote"

Hii ndiyo inayonitoa povu. Koti halileti joto, halina jiko ndani yake. Joto lote ni la mwili wako, na kazi ya nguo ni kushika hewa iliyotulia isiondoke na joto hilo. Ndiyo maana jaketi la manyoya ya bata ni jepesi kama mto wa mtoto na bado linakufaa kuliko koti la mlinzi wa usiku lenye kilo tatu. Sasa mahali pale palipotakiwa kukaa hewa, weka maji. Maji yanachukua joto la mwili karibu mara 25 zaidi ya hewa iliyotulia. Koti lako la laki tatu limegeuka boksi la kuhifadhia samaki, na samaki ni wewe.

Maji yenyewe yanatoka wapi? Wengi wanawaza mvua. Lakini usiku wa kupanda kileleni mvua ni nadra. Maji yanayowaangusha watu usiku ule ni jasho lao wenyewe, na chombo cha kuyabeba ni fulana ya pamba.

Nisieleweke vibaya, pamba ni nguo nzuri. Hapa mjini mwezi wa pili, jua la Moshi likiwaka, mimi mwenyewe siivui. Ubaya wake mlimani ndio uzuri wake mjini: uzi wa pamba unakunywa maji, unayashika, na unachelewa kuyaachia, kwa hiyo unakupoza. Mjini unashukuru. Kwenye mita 5,000 saa tisa usiku hushukuru.

Kila Desemba Watanzania wanapanda kwa wingi kusherehekea Uhuru, kwa kumbukumbu ya Luteni Alexander Nyirenda aliyepandisha bendera na mwenge kileleni mwaka 1961. Jambo zuri, na linanipa riziki. Tatizo wanakuja na fulana. Pamba tupu, kifuani mlima umechorwa, mgongoni jina la kikundi, na kuna makubaliano kwamba hakuna kuivua kuanzia getini hadi kwenye picha ya kileleni.

Mwaka mmoja niliongoza kundi la namna hiyo kwa njia ya Machame. Tuliondoka kambi ya Barafu karibu saa sita usiku. Kulikuwa na baba mmoja, mtu mnene, mcheshi sana. Ndani fulana ya kikundi, juu yake sweta la kofia la pamba, juu yake koti zito, zipu hadi kidevuni. Nikamwambia, "Kaka, punguza moja sasa, utavaa tukisimama." Akacheka: "Kwa baridi hii? Mwalimu, unataka kuniua?" Saa ya kwanza alipanda akihema, jasho linamtoka usoni. Tulipofika kwenye mapumziko ya chai nikaingiza mkono wangu mgongoni kwake, chini ya koti. Palikuwa kama tambara la kudekia, linaweza kukamuliwa. Nje, koti lile lile lilikuwa na chembe za barafu mabegani.

Hazikupita dakika kumi amesimama, meno yakaanza kugongana. Baadaye kidogo akaacha kutania, nikamuuliza jina la mke wake akachukua muda kunijibu, hatua zikawa za mlevi. Hapo hakuna cha kubembelezana. Nilimkabidhi kwa msaidizi amshushe, kule kambini wakamvua kila kilicholowa, wakamvalisha jezi yangu ya mpira na flisi kavu, lile sweta jepesi la poliesta lenye manyoyamanyoya, wakamwingiza kwenye begi la kulalia na chupa ya maji ya moto. Asubuhi tulimkuta anakunywa uji. Hakufika, na lawama akazipeleka kwa koti: "Lilikuwa feki." Koti halikuwa na kosa lolote.

Siku hizi dukani nimeweka beseni. Mteja akibisha nachukua vitambaa viwili, kimoja cha pamba na kingine cha poliesta kilichokatwa kwenye jezi kuukuu, nachovya vyote, nakamua kwa nguvu moja, namwekea kila mkono kimoja. Namwambia apulize. Upande wa pamba anauondoa mkono mwenyewe kabla sijamwambia. Poliesta uzi wake haunyonyi hata asilimia moja ya uzito wake, maji yanabaki juujuu na yanaondoka. Sufu ni habari nyingine: inaweza kubeba unyevu wa karibu theluthi ya uzito wake kabla hujahisi kulowa, na hata ikilowa bado inakupa kajoto. Ila nzuri ni ghali na mbaya inawasha.

Basi mpango wenyewe ni huu. Linalogusa ngozi ni poliesta au sufu, la kubana, lenye mikono mirefu, kazi yake kutoa jasho kwenye ngozi. Linalofuata ni la kushika hewa: flisi, na kwa usiku wa kilele ongeza jaketi la manyoya. La nje kabisa ni jembamba, la kuzuia upepo na mvua, lenye zipu inayofunguka chini ya kwapa kama unaweza kulipata. Miguuni vilevile: taiti, suruali ya flisi, suruali ya upepo. Jinzi iache hotelini. Jinzi ni pamba yenye kiburi.

Na siri ya mavazi haya si kuyavaa. Ni kuyavua. Ondoka kambini ukisikia baridi kidogo. Narudia kwa sababu hakuna anayenisikiliza: ukitoka hemani ukiwa na joto zuri, umevaa kupita kiasi, ndani ya nusu saa utalowa. Fungua zipu ukipanda. Mkisimama, jaketi la manyoya liingie mwilini kwanza, kabla ya chai, kabla ya picha, kabla ya hadithi.

Sina nia ya kukuuzia. Nenda soko la Memorial asubuhi mafungu yanapofunguliwa, tafuta jezi ya golikipa, ile ya mikono mirefu. Ni poliesta, inabana, na bei yake ni ya mtumba. Simba au Yanga, mlima haujali. Kama lebo imekatwa, chomoa kauzi kwenye pindo ukachome kwa kiberiti pembeni. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta inayeyuka na kuacha kajiwe kagumu. Sufu inanuka nywele zilizoungua. Lipa kwanza lakini, maana wale kina mama hawapendi kuona kiberiti kwenye mzigo wao, na wana haki.

"Baridi ni ya kileleni, huku chini pensi inatosha"

Mlimani joto linashuka takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Moshi iko kwenye mita 800 na ushee, kilele cha Uhuru ni mita 5,895. Fanya hesabu: karibu nyuzi 30. Usiku ambao Moshi unajifunika shuka kwa nyuzi 20, kule juu ni 10 chini ya sifuri, na upepo haujahesabiwa. Hiyo wengi wanaijua. Wasichokijua ni kwamba baridi haihitaji barafu ili ikumalize. Mtu aliyelowa, aliyechoka, na hajala, anaweza kupoteza joto la mwili kwenye nyuzi 10 akiwa bado anaona miti. Msitu wa upande wa kusini, kule Machame na Umbwe, ndio unaopokea mvua nyingi kuliko sehemu yoyote ya mlima, na hauulizi kama masika yameisha. Koti la mvua likae juu kwenye kibegi chako cha mgongoni. Watu wanalitia kwenye mzigo wa mpagazi aliyekwishatangulia saa mbili mbele, halafu mvua inaanza.

Nguo za kilele nazo zifungwe kwenye begi lisilopitisha maji. Zamani tulitumia mifuko ya rambo, ilipopigwa marufuku mwaka 2019 watu wakaacha kufunga kabisa, kana kwamba kilichokatazwa ni ukavu.

"Upepo si kitu, ni thamometa tu inayosema ukweli"

Kamuulize dereva wa boda anayetoka Kibosho alfajiri ya mwezi wa saba kwa nini amevaa jaketi kinyume, zipu mgongoni. Mwendo wa pikipiki unatengeneza upepo, upepo unapora ile hewa ya joto iliyokaa kwenye nguo, na zipu ndiyo tundu lake. Hakusomea popote, lakini anavaa sawa na wazungu wanaoendesha pikipiki za theluji kwao: cha kutoa jasho, cha kushika joto, cha kuzuia upepo. Flisi peke yake pale Stella Point, kwenye ukingo wa kreta karibu na kilele, ni wavu wa mbu.

"Soksi tatu ni bora kuliko moja"

Hapana. Kwenye buti lililokutosha kwa soksi moja, soksi tatu zinabana, damu haifiki vidoleni, na damu ndiyo inayopeleka joto. Vaa jozi moja nene ya sufu, au nyembamba chini ya nene kama buti lina nafasi. Muhimu kuliko idadi: soksi za usiku wa kilele zisiwe zile ulizotembea nazo mchana. Hata kama umezianika, hata kama zinaonekana kavu.

Mikononi, kwa sababu hiyohiyo ya vidole, mitini, yaani glovu isiyotenganisha vidole vinne, inashinda glovu ya kawaida. Vidole vikikaa chumba kimoja vinapashana joto.

"Nusu ya joto la mwili linatokea kichwani"

Hii inapendwa na waongozaji wenzangu, nami niliisema miaka. Kichwa ni kama asilimia 10 ya ngozi yote na hutoa joto kwa kadiri hiyohiyo. Mzula vaa, masikio yana haki yake. Lakini nimeona mtu ana mzula, balaklava na kofia ya jaketi, chini amevaa suruali ya ofisini.

"Kidogo tu cha kupasha mwili"

Konyagi, mbege, chochote. Pombe inatanua mishipa ya damu ya kwenye ngozi, damu ya moto inakuja juu, unajisikia vizuri, na joto linatoka nje. Kunywa ukishuka, Marangu pamejaa baa.

"Mimi mzaliwa wa huku, baridi ya mlima naijua"

Umezaliwa Rombo, hukuzaliwa Kibo. Na usinitolee mfano wa wagumu, wapagazi wetu, wanaopanda na raba na kijisweta. Wanapanda hivyo kwa sababu hawana, si kwa sababu miili yao ni ya chuma. Nimebeba mizigo, najua usiku ule ulivyo mrefu. Mgumu asiye na nguo na anayesoma hapa, KPAP, shirika la kusaidia wapagazi wa Kilimanjaro, wako hapahapa Moshi, wanaazima nguo za mlima bure, nenda kabla ya safari na si baada ya kuumwa. Na wewe mteja unayelipia safari, uliza kampuni yako wapagazi wamevaa nini kabla hujauliza kama kuna popkoni jioni.

Kuhusu fulana za kikundi, maana najua Desemba inakuja na oda zimeshapelekwa kwa fundi: chapisheni, sina ugomvi. Ila agizeni saizi ya XXL kwa kila mtu, hata yule dada mwembamba. Ibebeni kwenye kibegi ikiwa kavu, mkifika kwenye ubao wa kileleni mvae juu ya jaketi la manyoya, mpige picha, muivue, mshuke. Wale vijana 12 wa Jumamosi nimewaambia hivyo. Kumi wamekubali. Wawili bado wanasema koti wanalo.