Pinotage, zabibu ya Cape inayopenda moshi

Mzee mmoja niliyekuwa nikimhudumia mezani alinusa glasi ya mvinyo, akaiweka chini. "Mwanangu, mbona hii inanuka ndizi mbivu?"

Alikuwa sahihi kabisa. Pinotage inapochachuka hutengeneza isoamili asetati, kemikali ileile inayoipa ndizi mbivu harufu yake. Ikizidi, inakaribia kunuka kama rangi ya kupaka kucha. Harufu hiyo ndiyo iliyowafanya watu wengi waikimbie Pinotage, nami nasema wanaionea. Iache chupani miaka miwili mitatu, ndizi inapungua, na yanayobaki ni mambo mazuri.

Zabibu hii ni mzaliwa wa Afrika Kusini. Mwaka 1925 Profesa Abraham Perold wa Stellenbosch alichavusha zabibu ya Pinot Noir kwa nyingine iitwayo Cinsault, ambayo huko waliiita Hermitage. Ndipo jina lilipotoka. Pinot Noir ina ladha ya kifahari lakini ni dhaifu shambani. Cinsault inavumilia jua na kuzaa sana. Alipata mbegu nne tu, akazipanda kwenye bustani ya nyumba yake. Baadaye alihama kikazi, bustani ikaota magugu, na miche ingefyekwa kama mwenzake kijana, Charlie Niehaus, asingeiwahi. Mvinyo wa kwanza ulitengenezwa kwenye chuo cha kilimo cha Elsenburg mwaka 1941, na jina la Pinotage likaonekana kwenye chupa ya chapa ya Lanzerac mwaka 1961.

Mtoto hakufanana na wazazi. Ukitaka kumfahamu, kumbuka zambarau: rangi inayotia ulimi weusi, utamu mbele, kisha ukakasi unaoshika ufizi. Juu yake weka forosadi, moshi kidogo na udongo uliolowa. Ile ladha ya kahawa unayoikuta kwenye baadhi ya chupa inatokana na mbao za mwaloni zilizochomwa sana, zinazokaa na mvinyo. Mimi siipendi, maana inafunika zabibu yenyewe.

Kwa Pinotage ya kukaa miaka kumi na zaidi, natafuta ya Stellenbosch, hasa miteremko ya mlima Simonsberg, ambako shamba la Kanonkop lina mizabibu mikongwe. Swartland, eneo jingine la mvinyo huko Cape, ni pa joto na pakavu. Pale mizabibu mingi husimama kama kichaka, bila waya, mizizi ikifuata maji chini. Matunda yake ni madogo, na mvinyo wake mzito. Eneo la Paarl nao wanailima sana.

Sasa chakula. Mbuzi choma! Mafuta yanalainisha ukakasi, na moshi wa mkaa unakutana na moshi wa mvinyo. Kwao Cape wanainywa na nyama ya kuchoma, au na bobotie, nyama ya kusaga ya kuoka yenye binzari na zabibu kavu. Samaki usimguse nayo, mdomo utabaki na ladha ya chuma. Pilipili kali nayo iweke kando. Mvinyo huu mara nyingi una kilevi cha asilimia 14, na kilevi huongeza mwasho.

Na tafadhali, usiinywe katika joto la chumba cha Dar. Nyuzi 16 hadi 18 zinatosha. Yule mzee nilimrudishia chupa ileile baada ya nusu saa kwenye friji, pamoja na sahani ya mishkaki. Alinyamaza akila, kisha akanisogezea glasi nimwongeze.