Kwa nini tezi ya pituitari huchokozwa kabla ya kupimwa

Mgonjwa akiambiwa atashinda kliniki asubuhi nzima akitolewa damu kila baada ya muda, mara nyingi huuliza: si mlishachukua damu wiki iliyopita? Ana haki ya kuuliza.

Pituitari ni tezi yenye ukubwa wa punje ya njegere, chini ya ubongo. Huziamrisha tezi nyingine, zikiwemo ovari, korodani na adrenali zilizo juu ya figo. Lakini homoni zake hazitoki sawasawa kutwa nzima. Homoni ya ukuaji hutoka kwa mafungu, hasa usiku mtu akiwa amelala. Mchana huweza kuwa haba mno hata kwa mzima wa afya. Kotisoli, homoni inayotolewa na adrenali, hupanda alfajiri, ikashuka jioni. Damu ya mara moja, basi, haitwambii kama tezi imeshindwa kazi au imetulia tu. Ndiyo maana tunaichokoza kwanza, tuone kama itaitika.

Kipimo kikali kuliko vyote ni cha insulini. Mgonjwa huja hajala tangu usiku, akadungwa insulini mshipani mpaka sukari ishuke chini ya milimoli 2.2 kwa lita. Hutoka jasho, hutetemeka, moyo humwenda mbio. Ndicho kinachotakiwa: pituitari yenye afya ikishtuliwa hivyo humwaga homoni ya ukuaji na ile inayoamuru kotisoli itolewe. Mhudumu haondoki kando ya kitanda, na glukosi iko tayari. Mwenye kifafa au ugonjwa wa mishipa ya moyo hafanyiwi. Badala yake anaweza kuchokozwa kwa homoni nyingine, glukagoni, na kipimo chake huchukua saa tatu hadi nne na aghalabu huleta kichefuchefu.

Kipimo chepesi zaidi ni sindano ya Synacthen, dawa inayoiga amri ya pituitari kwa adrenali, mikrogramu 250, kisha kotisoli hupimwa baada ya dakika 30 na pengine 60. Hiki huzipima adrenali; pituitari tunaikisia tu, kwa kuwa adrenali zisizopata amri kwa muda mrefu husinyaa. Kusinyaa huko huchukua wiki kadhaa. Kwa hiyo majibu mazuri siku chache baada ya upasuaji wa pituitari, au baada ya mama kutokwa na damu nyingi mno wakati wa kujifungua, jambo linaloweza kuiharibu pituitari, mimi siyategemei.

Kinachoharibu vipimo hivi mara nyingi ni dawa ambayo mgonjwa hakuitaja. Prednisoloni, moja ya steroidi, yaani dawa za jamii ya kotisoli, huvuruga majibu, na steroidi za kuvuta kwa pumu, za kupaka au za kuchomwa kwenye goti huweza kuzilaza adrenali. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huipandisha kotisoli kwenye karatasi ya majibu bila tezi kuwa na nguvu zaidi. Vitaje vyote, hata kama unaona havihusiani. Ila usiache steroidi kwa uamuzi wako: kuzikatiza ghafla kunaweza kuua. Daktari ndiye atakayesema kipi kisimamishwe, na lini.

Baada ya kipimo cha insulini utakula kwanza, sukari ipimwe tena, ndipo uruhusiwe kuondoka. Njoo na mtu wa kukurudisha nyumbani.