Nyota kali mno kwenye yakuti? Shtuka kwanza

Wanunuzi wengi wa yakuti samawi yenye nyota (kito ambacho mwanga huchora nyota juu yake) huamini kwamba miale ikinyooka kama imepigwa rula, jiwe ni la daraja la juu. Mara nyingi hiyo ni ya kiwandani: tangu 1947 kampuni ya Linde ya Marekani iliuza yakuti za namna hiyo. Nyota halisi hutokana na sindano nyembamba za rutaili (aina ya madini) zilizojipanga pande tatu ndani ya jiwe, hivyo miale sita, na mmoja kupinda au kufifia kidogo ni kawaida. Geuza jiwe utazame mgongo. Yakuti nyingi za Sri Lanka haziparwi vizuri huko nyuma. Muuzaji analinda uzito, kwani karati (kipimo cha uzito wa vito) ndiyo pesa! Kisha sogeza tochi: nyota isiyofuata mwanga, rudisha.