Phillis Wheatley: Mshairi Aliyetakiwa Kuleta Mashahidi

Anayefungua kitabu cha mashairi cha Phillis Wheatley, kilichochapwa London mwezi Septemba 1773, haanzi na shairi. Huanza na picha ya mwanamke kijana aliyeketi mezani, kalamu ya unyoya mkononi, kidole shavuni na kidau cha wino mbele yake, na pambizoni mwa picha hiyo kuna maneno yanayomtaja kuwa mtumishi Mweusi wa Bwana John Wheatley wa Boston. Kurasa chache baadaye ipo hati iliyoelekezwa kwa umma, yenye majina ya wanaume 18, akiwamo gavana wa Massachusetts, Thomas Hutchinson, na mfanyabiashara John Hancock, ambaye miaka mitatu baadaye alitia saini Azimio la Uhuru wa Marekani. Wanauhakikishia ulimwengu kwamba, kwa imani yao, mashairi haya yametungwa kweli na msichana huyu, aliyeletwa kutoka Afrika miaka michache tu iliyotangulia akiwa, kwa lugha yao, mshenzi.

Sisi ambao kazi yetu ni kutunza maandishi ya kale tumezoea kukuta dibaji za wakubwa wakimsifu mtunzi. Hati hii ni ya aina nyingine. Haisemi kama mashairi ni mazuri au mabaya. Inathibitisha tu kwamba mtunzi ndiye mtunzi.

Jina lake nalo ni kumbukumbu ya biashara. Meli iliyomchukua kutoka Afrika Magharibi na kutia nanga Boston mwezi Julai 1761 iliitwa Phillis, na familia iliyomnunua iliitwa Wheatley. Walimkadiria umri wa miaka saba hivi kwa kuwa meno yake ya mbele yalikuwa yakimng'oka. Jina alilopewa na wazazi wake halikuandikwa na yeyote. Susanna Wheatley, mke wa mwenye kumnunua, na binti yake walimfundisha kusoma, na kwa ushuhuda wa bwana wake, baada ya miezi 16 aliweza kusoma Biblia hata sehemu zake ngumu. Baadaye alijifunza Kilatini. Shairi lake la kwanza kuchapishwa lilitokea katika gazeti la Newport, Rhode Island, mwaka 1767, naye alikuwa na miaka kama 14.

Msomaji aliyezoea utenzi wa mizani nane ataielewa upesi kazi ya Wheatley akiambiwa kwamba mshororo wake una mizani kumi, yenye mkazo unaopanda na kushuka, na kwamba vina vya mwisho hulingana mishororo miwili miwili hadi shairi linapoisha. Huo ndio mtindo uliotukuzwa na Waingereza wa karne ile. Sehemu kubwa ya tungo zake ni mashairi ya maombolezo, ambayo mengi aliwatungia watu wa Boston waliofiwa na watoto, waume au wake. Ombolezo la mhubiri George Whitefield, aliyefariki mwaka 1770, ndilo lililomjulisha hata ng'ambo ya bahari. Wako wanaoyapuuza mashairi haya wakisema ni ya kuagizwa. Kwa maoni yangu wanakosea, kwa sababu katika jamii yoyote yenye malenga, mtu anayeitwa msibani ili aseme kwa niaba ya wafiwa ni mtu ambaye ulimi wake umekwisha kuaminiwa.

Pamoja na sifa hizo, Boston haikukichapa kitabu chake. Mwaka 1772 tangazo lilitolewa kuomba wanunuzi 300 wa awali kabla kitabu hakijaingia mtamboni, na hawakupatikana. Ndipo hati ya mashahidi 18 ilipotafutwa na muswada ukapelekwa London. Simulizi inayopendwa sana husema kwamba wanaume hao walikaa pamoja katika chumba kimoja wakamhoji kama mtahiniwa. Simulizi hiyo inavutia, ila hakuna rekodi ya kikao cha namna hiyo, na watafiti wa karibuni wanaona kuwa saini zilikusanywa bila baraza lolote. Kwangu jambo hili halipunguzi uzito wa aibu. Mtu aliombewa vyeti mjini humo humo ambamo alionekana akiandika.

Mwenyewe alisafiri kwenda London kiangazi cha 1773 pamoja na mwana wa bwana wake, na muda mfupi baada ya kurejea aliachwa huru. Katika barua ya Oktoba mwaka huo anaeleza kwamba bwana wake alimpa uhuru kwa maombi ya marafiki zake wa Uingereza. Kwa maneno mengine, wasomaji wa kitabu walichangia kumkomboa mtunzi wake.

Lawama iliyomwandama zaidi katika karne ya 20 inatokana na shairi la mishororo minane ambamo anasema ni rehema iliyomtoa katika nchi ya kipagani. Wasomaji wengi Weusi wa Marekani, hasa miaka ya 1960, waliona humo mtumwa anayewashukuru waliomteka. Shairi hilo lisisomwe peke yake. Mwaka 1772 alimwandikia Lordi Dartmouth, waziri wa Uingereza aliyesimamia makoloni, shairi ambamo anasimama katikati ya sifa na kumweleza kwa nini anapenda uhuru: kwa sababu yeye alinyakuliwa utotoni, na anajiuliza ni uchungu gani uliokipasua kifua cha baba yake. Kisha mwezi Februari 1774, akiwa tayari huru, akamwandikia Samson Occom, mhubiri wa kabila la Wamohegan, wenyeji wa asili wa Amerika, kwamba Mungu amepanda katika kila moyo wa binadamu kupenda uhuru, hisia isiyovumilia kuonewa, na kwamba haihitaji akili ya mwanafalsafa kuona jinsi kilio cha uhuru kisivyopatana na kuwakandamiza wengine. Barua hiyo ilichapishwa magazetini wakati wakoloni wa Boston walikuwa wakipiga kelele za uhuru dhidi ya mfalme.

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu. Susanna alifariki mwaka 1774, vita ikaja, na mwaka 1778 Phillis akaolewa na John Peters, Mweusi aliye huru. Mwaka 1779 alitangaza kitabu cha pili, cha mashairi 33 na barua 13. Wanunuzi hawakutosha. Alifariki Boston tarehe 5 Desemba 1784, akiwa na miaka kama 31.

Hata kaburini mashahidi walidaiwa. Katika kitabu kilichochapwa mara ya kwanza Paris mwaka 1785, Thomas Jefferson, ambaye baadaye alikuwa rais wa Marekani, aliandika kwamba dini iliweza kumzaa Phillis, lakini haikuweza kuzaa mshairi, akayaita mashairi yake "yaliyochapishwa kwa jina lake", kana kwamba zile saini 18 hazikuwapo. Jina lenyewe alikosea kuliandika. Wapinzani wa utumwa walimjibu kwa kutumia mashairi hayo hayo: Thomas Clarkson wa Uingereza aliyanukuu mwaka 1786, na padri Henri Grégoire wa Ufaransa akafanya hivyo mwaka 1808.

Athari ya mashahidi hao inaonekana kwa waliomfuata. Frederick Douglass, mtumwa aliyetoroka, alipotoa kitabu cha maisha yake mwaka 1845, kilitanguliwa na dibaji ya William Lloyd Garrison na barua ya Wendell Phillips, wote wazungu wapinzani wa utumwa, na jina la kitabu likaishia kwa maneno kwamba kimeandikwa naye mwenyewe. Harriet Jacobs, naye mtumwa aliyetoroka, alifanya vivyo hivyo mwaka 1861, na bado kwa zaidi ya miaka mia moja wasomi wengi walidhani kitabu chake ni hadithi ya kubuni ya mhariri wake mzungu, mpaka Jean Fagan Yellin alipothibitisha uandishi wake kwa kutumia barua za Jacobs katika miaka ya 1980.

Mwaka 1973, kitabu cha Wheatley kilipotimiza miaka 200, mshairi Margaret Walker aliitisha tamasha kwa jina lake katika chuo cha Jackson State, Mississippi. Walikuja Alice Walker, Audre Lorde, Nikki Giovanni, Lucille Clifton, Sonia Sanchez na wengine, wanawake Weusi wakisomeana kazi zao bila dibaji ya mtu.

Tunachokijua juu ya moyo wa Wheatley tunakidai kwa sehemu kubwa kwa rafiki yake, Obour Tanner, mtumwa wa Newport, aliyezihifadhi barua zake hadi uzeeni. Leo ziko katika Jumuiya ya Historia ya Massachusetts. Muswada wa kitabu cha pili haukupata mtunzaji wa namna hiyo. Ulipotea baada ya kifo chake, na shairi moja moja tu limekuwa likichomoza, kama lile la bahari lililojitokeza mwaka 1998 likiwa na kichwa kile kile kilichotajwa katika tangazo la 1779.