Nguzo ipi ivikwe koti? Kuimarisha ghorofa la zege dhidi ya tetemeko bila kumwaga hela

Mtikisiko wa tarehe 12 Agosti 2020, uliotokea baharini kusini mashariki mwa Dar es Salaam, ulikuwa na ukubwa unaokaribia 6. Wa Bukoba, tarehe 10 Septemba 2016, ulikuwa 5.9, na uliua watu. Kwa hiyo swali la kuimarisha maghorofa yetu ni halali kabisa. Wasiwasi wangu uko kwenye jibu linalotolewa haraka: "Nenepesha nguzo zote za chini." Jibu hilo linakula hela nyingi, na mara nyingi linahamisha udhaifu kutoka ghorofa moja kwenda nyingine.

Chukua jengo la kawaida la Kariakoo au Sinza. Chini kuna fremu za biashara, mbele wazi kwa milango ya chuma, nyuma ukuta wa tofali kutoka kona hadi kona. Juu ni vyumba, kuta kila upande. Kuta hizo za tofali hazimo kwenye hesabu za wengi, lakini tetemeko linaziona. Ghorofa za juu zinakuwa ngumu, yaani haziyumbi kirahisi, ya chini inakuwa laini, na mwendo wote unakusanyika pale chini. Kipimo kinachotumika sana ni hiki: ugumu wa ghorofa ukiwa chini ya asilimia 70 ya ule wa ghorofa iliyo juu yake, hiyo ni ghorofa laini.

Sasa tazama nguzo moja ya milimita 300 kwa 300. Ukiivika koti la zege la milimita 100 kila upande inakuwa 500 kwa 500. Eneo lake linaongezeka mara 2.8 hivi, lakini ugumu wake wa kupinda unaongezeka karibu mara 7.7, kwa sababu ugumu unafuata kipimo cha upande kikizidishwa chenyewe mara nne. Hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Nguzo ngumu huvuta nguvu ya tetemeko kuja kwake. Ukivika makoti nguzo za nyuma, ambako tayari kuna ukuta, unaongeza ugumu upande uliokuwa mgumu, na jengo litajizungusha: nyuma limetulia, mbele linachapwa. Katika jengo hili koti linastahili nguzo za mbele. Za nyuma, kama ringi zake (nondo nyembamba zinazozunguka nondo kuu) ni haba, zifungwe kitambaa cha kaboni kinachogandishwa kwa gundi, ambacho kinazibana na kuziongezea uwezo wa kuhimili mkato, yaani nguvu ya upande inayoikata nguzo kwa mshazari, huku ugumu ukibaki karibu uleule.

Kutafuta mpangilio bora kwa kompyuta kunasaidia, ila panga kazi kwanza. Nguzo 24, kila moja na chaguo tatu (iache, kitambaa, koti), zinatoa michanganyiko zaidi ya bilioni 282. Ukizigawa katika makundi 6 kwa nafasi na mzigo wake, inabaki 729. Kila mchanganyiko programu inausukuma kwa upande kidogo kidogo mpaka jengo lishindwe. Kwa dakika tano kila mmoja, kompyuta moja inamaliza kwa siku mbili na nusu. Makundi yanamfaa na fundi pia, maana mbao za kufungia zege zinatumika tena na tena.

Cha kupunguza ni gharama yote: zege, nondo, kubomoa plasta na vigae, na kodi ya fremu zitakazofungwa. Masharti mawili hayajadiliki. Nguzo isikatike kwa mkato kabla ya nondo zake kuanza kuvutika na kurefuka, na ghorofa ya juu isigeuke kuwa laini baada ya kuimarisha ya chini. Programu isiyopewa sharti la pili itakuletea jibu rahisi linaloua.

Hesabu yote inasimama juu ya vipimo. Nyundo ya kupimia zege peke yake haitoshi, kwa sababu uso wa zege la zamani hukakamaa na kutoa namba nzuri kuliko ndani. Toboa viini vya kipenyo cha milimita 100, yaani vipande vya zege vya kupimwa maabara, na fungua plasta kwenye nguzo chache uone ringi kwa macho. Tazama ndoano yake. Iliyokunjwa nyuzi 90 inafunguka zege la nje likipukutika, nondo zinatoka kama fito. Ya nyuzi 135 imeng'ata katikati ya nguzo. Majengo ya karibu na bahari, angalia kutu kwanza. Kitambaa cha kaboni juu ya nondo inayooza kinaficha ugonjwa tu. Na kona za nguzo zichongwe ziwe duara, nusu kipenyo walau milimita 25, la sivyo kitambaa kinachanika hapo.

Kwa koti lenyewe, nguzo ya mita 3 inataka zege mita za ujazo 0.48, yaani mifuko kama minne ya saruji ya kilo 50. Kokoto isizidi milimita 10, kwa kuwa nafasi ni finyu. Nondo za milimita 16 zitake ringi kila milimita 100 hadi 125, hasa sentimita 50 za juu na 50 za chini. Uso wa zamani ukwaruzwe mpaka kokoto zionekane, upulizwe vumbi, uloweshwe, kisha uachwe ukauke juu juu. Nondo zitobozwe slabu na kuingia ghorofa inayofuata, na kule chini zizame kwenye msingi. Zikiishia kwenye dari, koti linabeba uzito lakini halipindi pamoja na jengo. Matundu ya kugandishia nondo hizo kwa gundi ya epoksi yapulizwe, yasuguliwe kwa brashi, yapulizwe tena, maana vumbi likibaki nondo inavutika kama msumari kwenye mchanga.

Zege limwagwe kupitia matundu ya slabu, vibreta (mashine ya kutikisa zege lishikamane) ikishuka polepole. Sehemu inayosumbua ni sentimita chache za mwisho chini ya slabu: zege likishuka linaacha mwanya usioonekana. Pajazwe siku ya pili kwa mota isiyosinyaa, na mirunda ya kushikilia mabimu isiondolewe mpaka mota hiyo ikomae.