Parodia si kila dhihaka

Parodia ni kazi ya sanaa inayoiga umbo au mtindo wa usemi unaotambulika na kuutia chumvi ili kuchekesha. Maana hiyo haina ugumu. Linalosumbua ni mazoea, yaliyoenea mno siku hizi, ya kukiita parodia kila kinachomcheka mwanasiasa: katuni ya gazetini, utani wa jukwaani, hata tusi la wazi.

Neno hili lilitoka kwa Wagiriki wa kale, waliounganisha neno lenye maana ya "kando ya" na jingine lenye maana ya "wimbo". Aristotle anamtaja Hegemon wa kisiwa cha Thasos kuwa mtu wa kwanza kutunga parodia, na watunzi wa mkondo huo walichukua mizani na lugha nzito ya tendi za kishujaa wakaitumia kusimulia mambo madogo madogo. Asili hiyo ina uzito wake, kwa sababu inadai kwamba uwepo wimbo wa kwanza, ambao msikilizaji anaujua, ndipo wa pili uimbwe kando yake. Pasipo kitu kinachoigwa, hakuna parodia, hata kama watu wamecheka mpaka wakatoa machozi.

Tofauti hii inaonekana vizuri katika filamu fupi ya vibonzo iitwayo Betty Boop for President, ambayo studio ya Fleischer ya Marekani iliitoa tarehe 4 Novemba 1932, siku nne kabla ya uchaguzi ambao Franklin Roosevelt alimshinda Rais Herbert Hoover. Betty anagombea urais dhidi ya Mr. Nobody, jina ambalo maana yake ni "hakuna mtu". Mpinzani huyo anauliza nani atawapunguzia wananchi kodi, nani atalinda haki za wapiga kura, na kila swali linajibiwa kwa jina lake. Mpangilio ni ule ule wa hotuba za kampeni, ambamo mgombea huuliza swali ambalo jibu lake ni yeye mwenyewe. Watunzi hawakubadilisha chochote isipokuwa jina, na kwa badiliko hilo moja kila ahadi ikawa ungamo kwamba haitatimizwa. Hiyo ni parodia halisi, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu bora ya filamu nzima, kwa kuwa haimhitaji mtazamaji amfahamu mwanasiasa yeyote wa mwaka 1932; inatosha awe amewahi kusikiliza hotuba ya kuomba kura.

Betty naye, katikati ya kampeni yake, anageuka sura akafanana na Hoover, na pia na Al Smith, aliyeshindwa na Hoover mwaka 1928. Hapo kinachoigwa ni watu, si usemi wa kampeni kwa jumla.

Lakini kuna onyesho la bungeni ambamo tembo, alama ya chama cha Republican, na punda, alama ya chama cha Democratic, wanapingana kwa kila jambo, upande mmoja ukikubali na mwingine ukikataa. Onyesho hilo haliigi mtindo wa hotuba ya mtu yeyote, bali linaikosoa tabia, yaani ushabiki wa vyama unaozuia kazi isifanyike, na kwa hiyo jina lake ni tashtiti. Mambo haya mawili huchanganyika mara nyingi katika kazi moja, na huenda ndiyo sababu watu huyachanganya: parodia hushika namna ya kusema, ilhali tashtiti hushika kosa linalotendwa, liwe limesemwa au halikusemwa.

Basi anayeiita filamu hii "parodia ya Hoover" hajapotoka sana, ila amelitaja jambo dogo na kuliacha kubwa. Ingefaa aseme kwamba ni parodia ya hotuba za kampeni, yenye mwigo wa sura za Hoover na Smith, pamoja na tashtiti ya Bunge la Marekani.